Seestar S50: jinsi nilivyoipiga picha galaksi ya M83 nikiwa Bahi

Kazi yangu ni picha za harusi. Nina studio hapa Dodoma, huu ni mwaka wa 14, na mkono wangu umezoea haraka: bibi harusi kageuka, nimebonyeza, sehemu ya 200 ya sekunde imetosha, nahamia kwa wazazi. Lakini usiku wa Jumapili, tarehe 25 Mei 2025, nilikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba ya mjomba wangu huko Bahi, magharibi ya mji wa Dodoma, saa tatu mfululizo nikipiga picha ya kitu kimoja, tena kitu ambacho kwa macho yangu sikukiona hata mara moja. Picha yake sasa iko ukutani studio. Haipiti wiki bila mteja kuiulizia. Wapo wanaodhani nimeitoa kwenye intaneti. Wapo wanaotaka kujua nimetumia kifaa gani, ni bei gani, na kama na wao wanunue. Hao ndio ninaowaandikia.

Kifaa chenyewe ni Seestar S50, darubini ya kampuni ya ZWO ya China iliyoanza kuuzwa mwaka 2023. Yangu aliniletea shemeji alipokuwa anarudi likizo kutoka Muscat, kaibeba kwenye begi la mkononi. Ilinigharimu kama shilingi milioni moja na laki tatu, fedha niliyokuwa nimeitenga kwa ajili ya lenzi mpya. Nimekaa nayo mwaka mmoja sasa. Ninayoyasema hapa nimeyaona mwenyewe, kiangazi na masika.

Ukiitoa kwenye kasha lake hutadhani ni darubini. Ina uzito wa kilo 2.5 na kimo chake ni kama cha chupa ya chai. Ukiiwasha, mkono wenye lenzi unainuka wenyewe kutoka ubavuni. Lenzi ina upana wa milimita 50 na urefu wa fokasi wa milimita 250, yaani kwa wenzangu wa kamera ni kama umefunga lenzi ya 250 yenye f/5. Ndani kuna sensa ya Sony, IMX462, jamii ya zile zinazowekwa kwenye kamera za ulinzi kwa sababu zinaona vizuri gizani. Mota, dira, betri, kipasha joto cha kuzuia umande na hifadhi ya GB 64, vyote vimo humo humo. Inakuja na stendi yake fupi ya miguu mitatu na kichujio cha kupigia picha jua.

Jambo moja ulijue kabla hujatoa hela: hakuna pa kuweka jicho. Hakuna kabisa. Kila kitu unakiona kwenye simu. Binti yangu wa miaka tisa alilia siku ya kwanza, kwa sababu alikuwa ameshajiandaa kuchungulia. Kama unachotaka ni kuchungulia mwezi na watoto uani, tafuta darubini ya kawaida yenye kioo, utafurahi zaidi. Na kama unachotaka ni pete za Zohali au mistari ya Mshtarii, hii siyo. Kwa lenzi fupi namna hii Mshtarii inachukua upana wa pikseli 20 hivi kwenye picha nzima. Ni nukta nene, basi.

Mimi nilitaka galaksi, yale makundi makubwa ya mabilioni ya nyota yaliyo mbali sana. Na siyo galaksi yoyote, nilizitaka zile za parafujo, zenye mikono iliyojiviringa kuzunguka kiini. Nilikuwa nimezitaka tangu kidato cha pili, nilipoona mchoro mmoja kwenye kitabu cha jiografia, mweusi na mweupe, umefifia kwa fotokopi.

Kabla ya Seestar nilijaribu njia ndefu. Miaka mitatu iliyopita nilinunua kwa mtu aliyekuwa anahama stendi nzito ya darubini, aina ile ambayo mhimili wake unaulaza uelekee ncha ya anga, pale ambapo nyota zote zinaonekana kuzungukia, ili izunguke sambamba na dunia. Ni stendi nzuri sana kwa aliye Ulaya. Huku kwetu ikawa vita. Bahi iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo ncha ya anga ya kusini iko nyuzi 6 tu juu ya upeo, karibu na migongo ya vilima. Mhimili wa stendi lazima ulale karibu kama kitanda. Skrubu yangu iligoma kwenye nyuzi 20, na hata nilipoondoa kizuizi, fimbo ya uzani ilikuwa inagonga mguu wa stendi. Nyota ya Kaskazini, ambayo wenzetu wa kaskazini wanaitumia kunyoosha mhimili, hapa iko chini ya upeo. Ile ya kusini inayokaa karibu na ncha ni hafifu kiasi kwamba ukungu kidogo tu wa upeo unaimeza. Nilihangaika miezi mitano. Sikupata galaksi hata moja, na mgongo nao ukaanza kuuma.

Ndiyo maana namwambia kila Mtanzania na kila Mkenya anayeniuliza: ukiwa karibu na ikweta, darubini inayosimama wima na kujitafutia nyota yenyewe ina maana kubwa kuliko ilivyo kwa mtu wa London. Seestar haihitaji ncha ya anga. Unaiweka chini, unaisawazisha hadi kiputo kwenye simu kikae katikati, unachagua M83 kwenye orodha. Inapiga picha ya anga, inalinganisha mpangilio wa nyota na ramani iliyo nayo, inajua inaangalia wapi, inasogea. Mara ya kwanza ilinichukua dakika nne tangu kuifungua kasha hadi galaksi kuwa katikati ya fremu. Nilinyamaza kidogo pale.

Kuna namna ya pili iliyoongezwa baadaye, ya kuiinamisha ili ifanye kazi kama ile stendi yangu ya zamani. Wa kaskazini wanaisifu. Kwa nyuzi zetu 6 ni kuilaza karibu ubavuni, na lenzi inakaribia kugusa majani. Nilijaribu mara moja, nikaona inaelemea upande, nikairudisha wima. Sijagusa tena.

Kusimama wima kuna gharama yake, na hapa ndipo wengi wanaharibu picha bila kujua sababu. Darubini ya wima inaifuata galaksi kwa kupanda na kugeuka, lakini picha ndani ya fremu inakuwa inazunguka taratibu, kama mtu anavyolaza kichwa begani huku bado anakutazama. Kasi ya mzunguko huo inategemea galaksi iko wapi. Ikiwa mashariki au magharibi, ni ndogo. Ikiwa juu upande wa kusini au kaskazini, inakuwa kubwa. Kwa M83 inapovuka juu ya Bahi nimekokotoa ikafika nyuzi 37 kwa saa. Sasa Seestar inakuruhusu kufungua kila picha kwa sekunde 10, 20 au 30. Ukichagua 30 wakati galaksi iko juu, nyota za pembeni zinavutika ziwe vistari, na nyingi ya picha hizo zinatupwa. Nimejaribu zote tatu kwa kitu hicho hicho. Kwa anga letu nimebaki na sekunde 10, na naanza mapema, galaksi ikiwa bado inapanda.

M83 niliichagua kwa sababu ni ya kwetu. Mtu wa kwanza kuiandika alikuwa Mfaransa, Nicolas-Louis de Lacaille, na hakuwa Ufaransa. Alikuwa Rasi ya Tumaini Jema, huku huku Afrika, mwaka 1752, anaorodhesha nyota za kusini kwa darubini ndogo. Charles Messier, mwanaastronomia mwingine Mfaransa ambaye jina lake ndilo ile M ya M83, aliiingiza kwenye orodha yake mwaka 1781 akiwa Paris, ambako haipandi zaidi ya nyuzi 11 juu ya mapaa. Bahi inafika nyuzi 66. Watu wenye darubini za mamilioni Ulaya ya kaskazini wanaichungulia kupitia moshi na taa za mji, na mimi inanipita karibu utosini. Iko mbali kwa miaka ya nuru milioni 15 hivi, na kwa bahati nzuri imetugeuzia uso, hivyo mikono yake inaonekana yote.

Nilienda Bahi kwa sababu uani kwangu mjini nilishajaribu. Saa moja nzima, picha 300 na kitu, nikapata kiini cha njano na utando wa kijivu kukizunguka. Mikono ilihitaji uambiwe ndipo uione. Dodoma imekua, taa zimeongezeka, na mwanga unaopanda angani unazifunika sehemu hafifu, ambazo ndizo mikono yenyewe. Kuna kichujio ndani ya Seestar cha kupunguza mwanga wa mji. Usikiwashe kwa galaksi. Kimetengenezwa kwa mawingu ya gesi, nebula, yanayong'aa kwa rangi chache maalumu. Kinapitisha hizo na kuzuia zilizobaki. Galaksi ni nyota, mabilioni yake, zinazotoa rangi zote, na ukikiwasha umezuia galaksi pamoja na taa. Dawa ya taa ni nauli ya basi.

Tarehe nayo nilikuwa nimeipanga. Jumamosi nina harusi, kwa hiyo Jumapili na Jumatatu ndizo zangu. Mwezi ulikuwa unaelekea kuandama wa Mfunguo Tatu, maana yake anga halikuwa na mwezi hadi karibu na alfajiri. Mvua za Dodoma zilikuwa zimekata. Aliye Tanga au Mombasa mwezi huo bado ana mawingu ya masika juu ya kichwa, na hili ni moja ya mambo yanayonifanya niipende nchi kavu hii ambayo watu wanakuja wakilalamikia vumbi.

Nilifika saa kumi na moja jioni. Ilikuwa ni msimu wa kuvuna mpunga, uwanja umejaa magunia, na mjomba alikuwa analala nje kuyalinda.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Umekuja na kamera ya harusi ya nani?"

Nikamweleza. Hakucheka. Alinionyesha mahali nyuma ya nyumba ambapo ukuta unakinga upepo, na hilo lilikuwa la maana kuliko alivyojua. Upepo wa Dodoma kuanzia Mei siyo wa mchezo, na kifaa cha kilo mbili na nusu kinatikisika. Stendi fupi hapo inakuwa faida: miguu niliifungua yote, nikaifukia kidogo kwenye mchanga, na nikaning'iniza katikati mfuko wenye mawe mawili. Tochi za walinzi wa mpunga ndizo zilizonisumbua zaidi. Kila ilipopita moja, picha mbili tatu zinachafuka. Darubini inazitambua zilizoharibika na kuzitupa yenyewe, lakini muda umepotea.

Simu nayo ina somo lake. Seestar inatengeneza waifai yake yenyewe, hivyo huhitaji mtandao porini. Simu yangu ilikuwa kila dakika chache inaikimbia waifai hiyo kwa kuona haina intaneti, inarudi kwenye data. Zima data kabisa, zima na kitu kinachoitwa kubadilisha mtandao kiotomatiki, na hutapata shida. Picha zinaendelea kupigwa hata simu ikizimika, kwa sababu kazi inafanyika ndani ya darubini.

Saa mbili usiku giza lilikuwa kamili. Nilianza. Na sasa niwaeleze wenzangu wa kamera kinachotokea, maana ndicho kilichonibadilisha namna ninavyofikiria kazi yangu. Picha ya kwanza ya sekunde 10 haina kitu. Nyota chache, chengachenga za rangi tele, na katikati doa ambalo ungelifuta ukidhani ni vumbi la lenzi. Ya pili inawekwa juu ya ya kwanza, zimelinganishwa nyota kwa nyota. Ya tatu juu yake. Chenga zinaruka ovyo, kila picha ziko mahali tofauti, kwa hiyo zinapojumlishwa zinafutana. Mwanga wa galaksi uko pale pale kila mara, hivyo unajengeka. Dakika ya tano, doa likawa na umbo. Dakika ya 20 nikaona upande mmoja umepinda. Saa moja ilipotimia, kwenye kioo cha simu iliyopasuka pembeni, kulikuwa na mikono miwili na ufito wa mwanga katikati unaoiunganisha.

Nilimwita mjomba. Alikuja na blanketi lake begani, akaishika simu kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu.

"Mbona kama ngata?"

Sijapata mfano bora. Ni ngata kweli, ile kanga anayoikunja mwanamke na kuizungusha kabla ya kujitwika ndoo, na ncha moja imeachwa nje. Akaniuliza iko wapi. Nyota ya Sumbula (Spica) ilikuwa karibu na utosini. Nikamwonyesha hiyo, kisha nikamshusha hadi zile nyota mbili angavu zinazoielekea Salibu, kundi la nyota lenye umbo la msalaba, upande wa kusini, nikamwambia avute uzi kati ya Sumbula na hizo mbili, na kabla ya kufika nusu ya uzi ndipo ilipo. Akatazama hapo. "Hapo hakuna kitu," akasema. Nikamwambia kipo, ila mwanga wake unafika kidogo kidogo, jicho linaumwaga kabla halijaujaza, na darubini inaukinga kama pipa chini ya paa. Akakaa kwenye gunia pembeni yangu. Tulikaa hivyo hadi saa tano.

Usiku huo nilipata picha 731 zilizokubalika. Jumatatu nikapata 644, upepo ulizidi. Jumla 1,375, ambazo ni saa 3 na dakika 49 za mwanga. Kwa nini nisitosheke na usiku mmoja? Kwa sababu hesabu yake ni ngumu: ukitaka chenga zipungue nusu, muda lazima uuzidishe mara nne. Saa moja inakupa galaksi ya kumwonyesha rafiki kwenye simu. Karibu saa nne ndizo zilizonipa picha ya kuning'iniza ukutani. Betri inakaa kama saa sita ikiwa imejaa, na nilikuwa na pawabenki ambayo sikuihitaji.

Jumatatu hiyo, baada ya M83, nikaigeuza kaskazini. Hili ni jambo ambalo sisi watu wa ikweta tunalipuuza. M51, galaksi nyingine maarufu ya parafujo, inavuka juu kwa wakati karibu ule ule na M83, ila upande wa pili wa anga. Mtu wa Ulaya anaiona M51 vizuri na M83 kwa taabu. Mtu wa Cape Town anaiona M83 vizuri, M51 karibu hana. Bahi unageuza shingo tu. M51 ndiyo ya kwanza kutambuliwa kuwa na mikono: mwaka 1845 Lord Rosse, huko Birr, Ayalandi, aliitazama kwa darubini yenye kioo cha upana wa sentimita 183 na kuichora kwa mkono. Lenzi yangu ina sentimita 5. Alichokosa yeye ni kitu cha kuhifadhi mwanga. Kwa saa moja nilipata mikono yake na ile galaksi ndogo inayoning'inia kwenye ncha ya mkono mmoja, na nilishukuru kwa sauti.

Kusafisha picha ni nusu ya kazi, na msiamini ile inayotoka moja kwa moja kwenye simu kuwa ndiyo mwisho. Weka mpangilio wa kuhifadhi kila picha moja moja tangu mwanzo, kisha uzihamishe kwenye laptopu kwa waya, maana kwa waifai utalala njaa. Natumia Siril, programu ya bure, kuzipanga upya zote 1,375, na GraXpert, ambayo pia ni ya bure, kuondoa mng'ao wa Dodoma uliopanda upande wa mashariki wa picha. Laptopu yangu ya RAM 8 ilifanya kazi karibu saa mbili. Picha ghafi ina ukijani. Siril inazilinganisha nyota zilizomo na rangi zao zinazojulikana na kuinyoosha, na hapo rangi zikatoka: kiini cha njano, ambako nyota ni za zamani, mikono ya buluu, ambako ni changa na za moto sana, na kando ya mikono, vitone vya waridi. Vile vitone ni mawingu ya hidrojeni, mahali nyota zinapozaliwa. Nilikuwa sijategemea kuvipata kwa lenzi ya milimita 50. Nilivikuza, nikavirudia, nikalinganisha na picha za darubini kubwa, vipo mahali pake.

Mpiga picha mwenzangu, jizuie. Najua mkono unavyowasha kusukuma rangi na ukali. Nilifanya hivyo toleo la kwanza, mikono ikawa kama imechorwa kwa kalamu ya wino na nyota zikazungukwa na pete nyeusi. Nililifuta. Mwanga uliosafiri miaka milioni 15 tuuache ufike kama ulivyo.

Mipaka yake ni hii. Fremu ina pikseli 1080 kwa 1920, na M83 inachukua pikseli kama 300 tu kati ya hizo kwa upana. Ni galaksi katikati ya uwanja mkubwa wa nyota. Kuchapisha, A4 inatoka safi. A3 ukisogea unaanza kuona nukta, na mimi ninayeuza picha za ukutani ningependa zaidi. Galaksi ndogo, zile za dakika mbili tatu za tao (dakika moja ya tao ni sehemu ya 60 ya nyuzi moja), zitabaki kuwa madoa, hata ukae wiki. Na Andromeda ina tatizo la kinyume, inazidi fremu, inabidi uipige vipande kwa ile namna ya kuunganisha, na inachukua usiku mwingi zaidi. Galaksi zinazoifaa lenzi hii ni chache, lakini hizo chache ni zile ambazo umekuwa ukizitamani.

Kama nimshauri mtu, ningemuuliza kwanza una ndugu kijijini? Aliye Dar na hana pa kwenda ataipenda kwa mwezi, jua na baadhi ya nebula, galaksi zitamtesa. Mwalimu wa shule ya bweni Kondoa, Manyoni au Singida, ambako mitaa bado ina giza, anunue hata kwa kuchanga na wenzake, awashe, na awaache wanafunzi watazame doa linavyokuwa mikono. Mimi ningeipata nikiwa kidato cha pili, sijui ningekuwa wapi leo. Mwenye kamera nzuri na lenzi ya 200 au 300 tayari, na ana kichwa cha kuhangaika na stendi, anaweza kupata picha bora kuliko yangu. Ila asome kwanza ngazi ya nyuzi kwenye stendi anayouziwa, na kama haishuki hadi nyuzi za mahali anapoishi, ziwe 6 au 3, asitoe hata shilingi.

Nakala ya A4 nilimpelekea mjomba mwezi uliopita. Kaiweka sebuleni, karibu na picha ya harusi ya mwanawe niliyoipiga mwaka 2016, na wageni anawaeleza mwenyewe kwa kuonyesha kidole juu ya paa. Mwezi wa 10 narudi kwa ajili ya galaksi nyingine, NGC 253, ile aliyoigundua mwanaastronomia Caroline Herschel mwaka 1783. Ni ndefu karibu sawa na upana wa mwezi mzima, imelala ubavu, na jioni za mwezi huo inapanda kusini mashariki kabla mvua hazijaanza. Mjomba amesema mpunga utakuwa umeshaingia ghalani, tochi hazitakuwepo.